Tupeane uzoefu: kwenye fomu ya udaktari, shughuli za nje ya darasa uliandika nini?

Kaka wa Makole
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu kamaliza PCB na kang'ang'ania kuomba Marekani. Juzi tumekaa stationari moja hapa Dodoma mjini, tukafika ukurasa wa shughuli za nje ya darasa, akanigeukia: "Kaka, mimi nimefanya nini zaidi ya kusoma?"

Sisi tulioomba vyuo vya hapa swali hilo hatukukutana nalo. Ni ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, basi. Kule kwanza udaktari hauingii moja kwa moja kutoka sekondari kama hapa. Unaanza na shahada ya miaka 4, na Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumika kuomba vyuo vingi vya kule, inakupa nafasi ya shughuli 10, kila moja maelezo ya herufi 150. Ukimaliza shahada ndiyo unaomba udaktari wenyewe kupitia AMCAS, mfumo wa maombi wa vyuo vingi vya udaktari vya kule: shughuli 15, herufi 700 kila moja, na 3 zilizokugusa zaidi unaongezewa herufi 1,325.

Waliopita huko, mliandika nini? Mpaka sasa tuna "kiranja wa afya" tu.

Mjukuu wa Kongwa
Kabla ya yote, akifika hatua ya AMCAS aangalie chuo kinapokea wageni. Vingi havipokei.

Haya, yangu. Orodha ya kwanza niliijaza mambo ya kupendeza: mdahalo, skauti, klabu ya sayansi. Mdahalo wenyewe nilihudhuria mara tatu, moja nilifuata soda. Mwalimu mmoja akaisoma akaniuliza, "Likizo ulikuwa wapi?" Nikamwambia kijijini, kwa bibi.

Bibi alikuwa na vikope. Kope zimegeukia ndani, kila akipepesa zinakwaruza mboni. Asubuhi alikuwa analaza kichwa mapajani kwangu, namulika na tochi ya simu, nang'oa moja moja kwa kibanio. Nikikosea ananifinya paja. Trakoma, ugonjwa wa macho unaoleta hayo, kwetu tumezaliwa tumeikuta. Baadaye siku za kugawa dawa nikawa natembea na mhudumu wa afya wa kijiji: yeye anamsimamisha mtoto kwenye fimbo ya kupimia urefu kujua dozi, mimi naandika daftari.

Hayo yote sikuyaandika kwa sababu niliyaona kazi za nyumbani. Mwisho yakaingia kwenye zile 3. Kwenye usaili tuliongea habari za bibi dakika kumi na kitu, mdahalo hakuna aliyeugusa.

Zabibu Chachu
Mimi niwape ya aibu. Niliandika saa 300 za kujitolea hospitali. Ukweli ni kwamba nilikaa mapokezi kwenye zahanati ya mjomba, nikiita majina. Mtu wa kuthibitisha nikamweka mjomba huyohuyo, nikaona nimemaliza.

Kosa langu, tarehe niliandika za kweli: wiki mbili. Siku ya usaili yule mama akachukua kalamu, akagawanya mbele yangu kwenye kamera, akauliza kwa upole kabisa: "Ni kama saa 21 kwa siku. Ulikuwa unalala lini?"

Sikuchaguliwa. Na kinachoniuma, pale mapokezi kulikuwa na mzee haelewi kwa nini anarudi kila wiki kupimwa presha, nikawa namweleza kwa Kigogo kila akija. Hilo sikuliandika popote.

Kombania B
Wengi wanaisahau JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Mimi nilikuwa Makutupora kwa mujibu wa sheria, nikaandika "mafunzo ya kijeshi". Dada aliyenisaidia fomu akacheka: "Watadhani umetoka vitani." Nikafuta, nikaandika kwamba ni mafunzo ya vijana waliomaliza kidato cha sita, kwamba tulilima, na kwamba kwenye kombania yangu mimi ndiye niliyekuwa nawasindikiza wagonjwa zahanati. Malengelenge ya buti nimeyaona ya kila aina jamani. Kubana hayo yote kwenye herufi 150 kulinichukua jioni nzima.

Dada Nkuhungu
Uingereza hakuna orodha. Kwenye UCAS, mfumo wa kuomba vyuo vya kule, unajibu maswali matatu, jumla herufi 4,000, na shughuli zako zinaingia zaidi kwenye lile la tatu, umejiandaaje nje ya masomo. Ukiorodhesha vyeo tu herufi unazimaliza hujasema kitu.

Kaka wa Makole
Ahsanteni sana. Nimemsomea dogo yote haya kwa sauti. Kwenye ya saa 21 kacheka mpaka kakohoa, ya bibi kanyamaza. Halafu kaingia chumbani, karudi na daftari.

Mama yetu ana kisukari. Kumbe tangu kidato cha pili, kila likizo na kila Jumamosi akiwa nyumbani, huyu ndiye anayempima na kumwandikia: tarehe, kipimo, amekula nini. Mimi mkubwa sikujua, nilidhani mama anajipima mwenyewe. Kuna mahali kaandika "ugali, mlenda, soda (kakataa kusema)".

Sasa tuko mezani tunahesabu saa. Kurasa za Aprili hazipo, anasema panya. Tumekubaliana Aprili haihesabiwi.