Land Cruiser 80 iliyoinuliwa: usukani hautulii wala haurudi wenyewe baada ya kona

Mkazi wa Nkuhungu:
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninatumia Toyota Land Cruiser 80 ya dizeli kwa shughuli za kilimo kati ya Dodoma mjini, Kongwa na Kondoa. Hivi karibuni niliinua gari hilo kwa milimita 50 kwa kubadilisha koili na shokapu zote, kwa sababu wakati wa mvua njia za mashambani huchimbika kiasi cha tumbo la gari kugusa chini. Tangu hapo, kwenye lami ya kuelekea Morogoro, gari linayumba kila upepo unapolipiga au lori linapolipita, na nikishakata kona usukani haurudi mpaka niurudishe mwenyewe. Aidha, ninapokwenda moja kwa moja usukani unakaa umepinda kidogo kushoto. Nilipopeleka gari kupimwa alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, mafundi walirekebisha tairodi (rodi inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) wakasema vipimo viko sawa, lakini kuyumba hakukuisha. Linalonishangaza ni kwamba nikipakia magunia ya alizeti nyuma, gari linatulia kuliko likiwa tupu. Nimeshauriwa nifunge shokapu mpya ya usukani. Je, itasaidia?

Fundi wa Kizota:
Ndugu, usinunue shokapu ya usukani kwa sasa. Kazi yake ni kupunguza mtikisiko unaopanda kutoka kwenye magurudumu, na haiwezi kurudisha usukani katikati. Hayo magunia ya alizeti ndiyo yanayoonyesha tatizo liko wapi.

Gari lako limepungukiwa kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia. Tazama uma wa mbele wa baiskeli: sehemu ya juu imelala kuelekea kwa mwendeshaji, na mlalo huo ndio unaolifanya gurudumu lipende kwenda moja kwa moja. Katika gari lako, ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu. Kila mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bolti mbili, na ncha yake ya nyuma imefungwa kwenye chasisi. Chasisi ilipoinuliwa, ncha za nyuma zilipanda pamoja nayo, ekseli ikazunguka, na mhimili ule ukasimama wima zaidi. Kasta ya kiwandani ni takribani digrii 3, na kila milimita 25 za kuinua hula takribani digrii 1, kwa hiyo huenda umebakiwa na digrii 1 tu. Unapopakia mzigo nyuma, mkia unashuka na pua inapanda. Kwa kuwa umbali kati ya ekseli zako mbili ni milimita 2,850, mkia ukishuka milimita 50 unarudishiwa karibu digrii 1, na ndiyo maana gari linatulia.

Rudi ukapimwe mahali penye sahani zinazozunguka chini ya magurudumu ya mbele, gari likiwa na mzigo unaoubeba siku nyingi, na udai karatasi yenye kasta ya kila upande. Kurekebisha tairodi hubadilisha tu jinsi magurudumu mawili yanavyoelekeana, na hakugusi kasta hata kidogo. Kwa milimita 50, dawa ya kawaida ni bushi za mikono (mipira inayokaa kwenye matundu ya bolti) zenye tundu lililosogezwa kando, ambazo hurudisha takribani digrii 2. Msimamie anayezishindilia, kwa sababu zikigeuzwa vibaya zitapunguza hata hiyo kasta iliyobaki.

Mpita Mtera:
Ninaungana na fundi, ila kabla ya kununua bushi, inua magurudumu ya mbele kwa jeki, uyashike juu na chini kisha kushoto na kulia, uyatikise. Beringi za kingipini (pini ambazo gurudumu hugeukia) au ncha za tairodi zikiwa zimelegea, hakuna kipimo kitakachodumu, na barabara zetu za makorongo huzilegeza mapema.

Kuhusu usukani uliopinda, asiung'oe mtu na kuurudisha kwenye meno mengine. Stering boksi, yaani boksi la gia za usukani, hubana vizuri zaidi ikiwa katikati kabisa. Ukificha kupinda kwa njia hiyo, utakuwa unakwenda moja kwa moja huku boksi ikiwa pembeni, mahali penye uchezaji mkubwa. Marekebisho hufanywa kwenye rodi inayotoka kwenye mkono wa boksi kwenda kwenye gurudumu, kwa kulegeza klampu zake na kuizungusha. Chanzo cha kupinda ni kwamba gari likiinuka, rodi hiyo huinama zaidi. Vilevile rodi ya Panhard, ile inayokatiza kutoka chasisi hadi ekseli ili ekseli isihame kushoto au kulia, huivuta ekseli kuelekea upande ambao rodi hiyo imefungwa kwenye chasisi. Teremsha timazi kutoka kwenye chasisi kila upande ulinganishe umbali hadi kwenye gurudumu. Ikiwa ekseli imehama milimita chache tu, mimi nisingehangaika. Ikizidi hapo, tafuta rodi ya Panhard inayorekebishika urefu.

Mkazi wa Nkuhungu:
Ninawashukuru sana. Je, bushi hizo zinaweza kuleta madhara kwingine? Gari langu huendesha magurudumu yote manne wakati wote.

Fundi wa Kizota:
Umeuliza jambo la msingi. Kuzungusha ekseli ili kuongeza kasta kunashusha pua ya difu ya mbele (gia za katikati ya ekseli), mahali inapoingia propela shafti, hivyo pembe ya shafti hiyo ya mbele inaongezeka, nayo kwenye gari la aina yako huzunguka muda wote. Ukisikia mtetemo mpya kwenye mwendo mkubwa baada ya kazi, kagua krosi, yaani viungo vya shafti hiyo, kwanza. Kwa milimita 50 mara nyingi hali huvumilika. Anayeinua milimita 100 ndiye anayelazimika kutafuta shafti maalumu.

Fuata mpangilio huu: kwanza bushi, pili rodi ya Panhard ikihitajika, tatu tairodi, na mwisho kabisa kuweka usukani katikati, kwa kuwa kila hatua inaharibu kipimo cha ile inayofuata. Nati za mikono zikazwe kwa nguvu kamili gari likiwa limesimama kwa uzito wake kwenye matairi. Zikikazwa gari likining'inia kwenye jeki, mpira wa bushi utakaa umejisokota na kupasuka mapema.