Mafundi muziki wa magari Arusha, mnatuunguzia spika na sasa mnataka kutuunguzia na magari

Wakuu, salamu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Hapa Arusha kuna mtindo umeota mizizi kwa mafundi wanaofunga muziki kwenye magari. Anakuuzia amplifaya kwa wati zilizoandikwa kwenye boksi, anafunga haraka haraka, anazungusha geini, kile kitufe cha kulinganisha amplifaya na redio, mpaka mwisho, bezi inatikisa vioo, anakwambia "bosi, hiyo ndiyo seti yake", anashika hela yake, mmemalizana. Spika ikiungua, lawama zote zako: umepiga sana, betri yako imechoka, nyimbo zako umedauniloudi vibaya. Yeye hana kosa hata moja. Nimechoka, na nataka jambo hili lisemwe wazi, maana safari hii nusura gari langu liwake moto na familia ikiwa ndani.

Gari ni Rav4, ile tunayoita Kili Time. Ilikuja na redio yake ya Kijapani, FM inaishia 90 kwa hiyo stesheni nyingi za huku huzipati, na menyu yote ni Kijapani. Nikataka redio ya Android, spika mpya milangoni, amplifaya na sabufa (spika ya bezi) moja ya inchi 12. Sikuwa na nia ya mashindano. Nilitaka nikishuka Moshi kusalimia wazee nisikilize muziki safi. Vifaa na ufundi vimekula zaidi ya milioni. Jina la fundi na la duka nayaacha, kwa sababu watu niliozungumza nao Sakina, Njiro mpaka Tengeru wanasimulia kitu kilekile kutoka kwa mafundi tofauti.

Nianze na uongo wa wati. Boksi la amplifaya yangu limeandikwa wati 3000, herufi kubwa za dhahabu. Sasa geuza amplifaya yenyewe utazame fyuzi zake. Yangu ina mbili za ampea 30. Ampea 60 ukizidisha kwa volti 14 za gari linalowaka unapata wati 840, na huo ndio umeme wote unaoweza kuingia kabla fyuzi hazijakatika. Amplifaya za kawaida za daraja AB hugeuza nusu hivi ya umeme huo kuwa muziki, nyingine inaishia kuwa joto. Za daraja D zinafika asilimia 80. Kwa hiyo yangu haiwezi kutoa hata 700 kwa mfululizo, iwe ya daraja lolote. Hizo 3000 zimetoka wapi? Marekani kuna kiwango kinaitwa CEA-2006, wati zinapimwa kwa volti 14.4, spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), na upotoshaji wa sauti usiozidi asilimia 1. Ukiona boksi halisemi wati za RMS, yaani zile za mfululizo, hiyo namba kubwa ni pambo. Na sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mteja, lakini duka linaweka boksi hilo mbele kabisa na fundi anakusomea ile namba kwa sauti kana kwamba ameipima mwenyewe.

Turudi kwenye ufundi, huko ndiko kwenye uchungu.

Redio ya Toyota ina soketi zake nyuma, ya pini 10 na ya pini 6. Soketi za kuunganishia zinauzwa, bei ya chini tu, unachomeka bila kukata kitu. Fundi alikata soketi za gari, akasokota nyaya kwa vidole, akazungushia tepu ya umeme. Gundi ya tepu ikipata joto la dashibodi inaachia, na nyaya zinabaki uchi nyuma ya redio. Waya wa rimoti, ule unaoiamsha amplifaya redio ikiwashwa, akauunganisha kwenye waya wa njano ambao una umeme muda wote hata ukizima gari na kutoa funguo. Maana yake amplifaya haikulala hata usiku mmoja. Mnajua baridi ya Arusha ya mwezi wa sita na wa saba ilivyo. Asubuhi betri iko chini, nawasukumisha majirani. Nampigia, ananijibu "mkuu, hiyo betri imekufa, badilisha". Betri ilikuwa nzima kabisa.

Halafu ikaja filimbi. Ukikanyaga mafuta, kwenye spika kunalia mluzi unaopanda pamoja na injini. Huo ni umeme wa altaneta unaingia kwenye muziki, na sababu zake kubwa zinajulikana: asi (waya unaofungwa kwenye bati la gari) mbovu, au nyaya za RCA, zile zinazotoa sauti kwenye redio kwenda kwenye amplifaya, zimelazwa sambamba na waya mkubwa wa betri. Za kwangu alizilaza pamoja chini ya kapeti upande wa dereva na kuzifunga kwa tepu moja ili apendezeshe kazi. Nilipolalamika, alitaka kuniuzia kifaa cha kuchuja kelele. Anataka hela nyingine kuficha kosa lake mwenyewe!

Sabufa iliungua njiani kwenda Moshi. Nimeshapita Tengeru, kabla ya Usa River, ikaanza harufu kama ya plastiki na vanishi, mke wangu ananiambia kuna kitu kinaungua, bezi ikakwaruza mara mbili tatu ikakata. Nilisimama pembeni nikafungua buti. Amplifaya huwezi kuigusa kwa kiganja. Taa nyekundu ya ulinzi inawaka, taa ileile ambayo fundi aliniambia "ni ya kawaida bosi, inapumzika".

Niliporudi nilimpelekea. Hakushika mita. Alibonyeza koni kwa vidole viwili, akasikia inakwaruza, akasema: "Hii sabufa ilikuwa feki, nikuletee nyingine yenye nguvu." Sabufa hiyo alinichagulia yeye, kwenye duka lilelile alilonipeleka yeye, na alikuwa amesema ndiyo bora kuliko zote. Risiti hakuna. Nikaondoka maana ningekaa pale tungefika polisi.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi umeme wa magari kulekule Moshi. Nilimweleza, akasema, "Kijana wangu, fungua boneti kwanza." Nikamwambia tatizo liko kwenye buti. Akarudia, boneti kwanza. Akaufuata waya mwekundu kutoka kwenye betri kwa mkono, taratibu, mpaka unapopenya kuingia ndani ya gari. Fyuzi hakuna. Hata moja. Zile zilizo kwenye amplifaya zinailinda amplifaya yenyewe, lakini mita zile zote tano za waya kutoka kwenye betri mpaka buti hazina mlinzi. Fyuzi inatakiwa ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi, ili waya ukigusa bati popote fyuzi ikatike kabla waya haujageuka hita.

Na ulikuwa unakaribia kugusa. Pale unapopenya, fundi alikuwa ametoboa bati akaupitisha waya hivyohivyo, bila mpira wa kuukinga. Kingo za tundu zina meno. Mzee akauvuta waya kidogo akanionyesha kwa tochi ya simu: ganda jekundu limeliwa karibu nusu ya mzunguko wake, nyuzi zinaonekana, zimeanza kuwa nyeusi. Kila gari likitikisika kwenye matuta, lile bati lilikuwa linasugua. Betri ya gari ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea kwa mara moja. Hapo hapo chini kuna kapeti, sifongo na mikeka. Miguu ya mwanangu huwa iko palepale.

Akachukua wembe akakwaruza uzi mmoja. Nje rangi ya shaba, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo ukiitumia lazima uongeze unene, lakini huu ganda lake ndilo nene, nyuzi ndani ni chache. Akaweka muziki akapima: kwenye betri volti 14 na kidogo, kwenye amplifaya chini ya 12. Volti zaidi ya mbili zinapotelea njiani. Asi nayo ilikuwa skrubu ya bati iliyopigwa juu ya rangi, haijakwanguliwa hata kidogo. Mzee alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akafunga kwa bolti, ule mluzi ukapungua papo hapo kabla hajagusa kitu kingine.

Kuhusu sabufa yenyewe, ina koili mbili za omu 4. Ukiziunganisha sambamba unapata omu 2, ukiziunganisha kwa kufuatana unapata 8. Amplifaya yangu ni ya chaneli mbili, na ukizibriji, yaani kuziunganisha mbili ziwe moja, imeandikwa palepale kwenye bati lake kwamba isishuke chini ya omu 4. Fundi aliunganisha omu 2. Hakusoma, au alisoma na hakujali. Ndiyo maana inachemka, ndiyo maana taa nyekundu.

Sasa geini. Ndugu zangu mafundi, hili naomba mlisikie vizuri. Geini imewekwa ili amplifaya ilingane na redio, kwa sababu kuna redio inatoa volti 2 na nyingine inatoa 4. Ukiifungua mpaka mwisho hupati nguvu mpya yoyote, amplifaya inafika kikomo chake mapema na mawimbi yanakatwa vichwa. Mawimbi yaliyokatwa yanaichemsha koili ya spika bila kupumzika mpaka vanishi yake inayeyuka. Ile harufu ya Usa River ndiyo hiyo. Na juu ya hapo kitufe cha kuongeza bezi kilikuwa kwenye desibeli 12. Kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili, kwa hiyo 12 ni karibu mara 16. Unaidai amplifaya nguvu mara 16 kwenye bezi wakati tayari imeishiwa!

Kuiseti inavyotakiwa hakuhitaji mashine ya ajabu. Unazima ikwalaiza zote, unachomoa spika, unacheza toni ya hezi 50 kwa upande wa sabufa, redio unaiweka robo tatu ya sauti yake, halafu unapima kwa mita ya kawaida kwenye matundu ya amplifaya ya kuchomekea spika huku ukipandisha geini taratibu. Kama unataka wati 300 kwenye omu 4, zidisha 300 kwa 4 utafute kipeuo cha pili, unapata volti 34.6. Ikifika hapo acha. Mita ya bei ya chini inatosha, ili mradi inapima volti za AC. Kisha swichi ya sabufa iwe LPF (inapitisha bezi tu) kwenye hezi 80 hivi, na ya spika za milangoni iwe HPF (inazuia bezi) hapohapo, ili spika ndogo ya inchi sita na nusu isilazimishwe kupiga bezi ambayo si yake. Zangu zote zilikuwa kwenye FULL, yaani hazichuji chochote. Fundi hakuzigusa kabisa tangu zilipotoka kiwandani.

Boksi sitasema sana. Ni chipubodi badala ya MDF (ubao mgumu wa unga wa mbao) ya milimita 18, kona hazijazibwa, ukiweka kiganja unasikia upepo unatoka. Litajengwa upya.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya haya kinachohitaji shahada. Umeme wa magari unafundishwa VETA. Fyuzi na kishikio chake, mpira wa tundu, wembe wa kukwangua rangi, mita, vyote hivyo bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya hela ya ufundi tunayowalipa. Mnachukua hela ya kufunga na kuseti, halafu kuseti hamfanyi, mnaachia masikio ya mteja aliyefurahi kusikia kioo kinatetemeka. Mtu huyo anawaamini. Anawaachia funguo na gari aliloagiza kwa miaka ya kujinyima.

Mimi nimeshamwambia fundi wangu mbele ya watu: hela ya ufundi irudi yote, na sabufa ailipe kwa sababu ameiunguza yeye. Amesema nimpe muda. Asiporudisha nitaenda mbele, picha za waya na za skrubu ya asi ninazo.

Kama uko Arusha au Moshi na una fundi anayepima kwa mita na anayetoa risiti, taja eneo alipo na kazi aliyokufanyia, wengi tunamhitaji. Na kama umefungiwa muziki karibuni, fungua boneti leo, fuata ule waya mwekundu wa amplifaya kutoka kwenye betri. Usipoona fyuzi ndani ya nusu mita, uchomoe kwenye betri kabla hujawasha gari tena.