Mafuta ya nazi yaliyochemshwa na bangi: yanamfaa mzee anayeumwa magoti?

Mama Somoe, Mikindani

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninaishi na mama yangu mzazi, ambaye magoti yamemtesa kwa muda mrefu hata akisujudu ni lazima ashikwe mkono ndipo ainuke. Mdogo wangu wa kiume, aliyewahi kufanya kazi Kanada, anashikilia kwamba dawa ni kuchemsha bangi katika mafuta ya nazi, kisha mafuta hayo yatiwe kwenye kashata au chai ya maziwa. Hoja yake ni kwamba madhara ya bangi yamo katika moshi, na jani likipikwa kama mboga hubaki tiba tupu. Sina ugomvi na mtu anayetaka kumpunguzia mama maumivu, lakini mama anatumia dawa za presha kila siku na nyumba ina wajukuu wadogo. Naomba mwenye ujuzi anieleze kinachotokea ndani ya sufuria hiyo, na kama kipo kipimo ambacho mtu anaweza kukiamini.

Mfamasia, Lindi

Waaleikum salaam, dada. Katika jani bichi, kemikali inayolevya, yaani THC, ipo zaidi katika umbo la asidi ambalo halilevyi. Joto ndilo linaloigeuza kuwa THC kamili, liwe la msokoto au la jiko la mkaa. Tena THC haiyeyuki vizuri katika maji bali katika mafuta, na ndiyo maana mdogo wako ametaja nazi na maziwa. Kwa hiyo huko anakokuita kupika kama mboga ndiko hasa kunakoitoa nguvu ya jani na kuikusanya mahali pamoja.

Moshi una madhara yake kwa mapafu, hilo ni kweli, lakini kula kuna hatari ya namna nyingine. Anayevuta huhisi ulevi ndani ya dakika chache, ilhali anayekula husubiri nusu saa hadi saa mbili, kwa kuwa THC hupitia tumboni na kwenye ini, na ini huigeuza sehemu yake kuwa kemikali nyingine yenye kulevya sana. Ulevi huo huweza kudumu saa 6 hadi 8, pengine zaidi. Wengi hudhurika hapo katikati: mtu amekula kipande, haoni kitu, anaongeza cha pili, kisha vyote vinamfika kwa pamoja.

Kipimo cha kuaminika jikoni hakipo. Huko Kanada, vyakula vya bangi viliporuhusiwa mwezi Oktoba 2019, pakiti moja iliwekewa ukomo wa miligramu 10 za THC, na bidhaa hupimwa maabara kabla ya kuuzwa. Jani la kununuliwa kwa kificho hakuna ajuaye nguvu yake. Na hata ungeijua, dada, wewe umepika kashata: sukari inaanza kushika ukiwa bado unakoroga, mafuta yanajitenga, unamwaga kwenye sinia na kukata haraka kabla haijawa ngumu. Kipande cha pembeni kinaweza kuwa karibu kitupu, na cha katikati kikabeba maradufu.

Mwana Masasi

Nakubaliana na mfamasia, ila tusimhukumu huyo kijana, kwa sababu ziko nchi ambako madaktari huandika dawa zitokanazo na bangi, kwa mfano kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani walio kwenye matibabu. Tofauti ni kwamba dawa hizo zina kiasi kinachojulikana na mgonjwa huwa chini ya uangalizi. Kwetu, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kumiliki bangi, na kuichanganya na nazi hakuihalalishi. Nauliza nami: je, angempaka magotini tu?

Muuguzi, Nachingwea

Kupaka hupitisha THC kidogo sana kwenye damu, lakini chupa ya mafuta ya nazi iliyo kabatini ni chupa ya mafuta ya nazi machoni pa kila mwenye njaa, na hapo ndipo hofu yangu ilipo.

Kwa mama, THC hupandisha mapigo ya moyo na huweza kushusha presha ghafla anaposimama, hasa akiwa tayari ametumia dawa ya kuishusha. Mzee mwenye magoti mabovu akipata kizunguzungu usiku akielekea msalani ataanguka, na nyonga iliyovunjika ni msiba mkubwa kuliko goti linalouma. Mpelekeni hospitali ya Ligula, Mtwara, achunguzwe, aelezwe mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, na aandikiwe dawa ya maumivu isiyogombana na zile za presha.

Kwa watoto sina maneno laini. Mtoto haoni bangi, anaona kashata, na atakula vipande vitatu. Mwili wake ni mdogo: hulala usingizi usio wa kawaida, hupepesuka, na akizidiwa hupumua kwa shida au kupoteza fahamu. Dawa ya kuiondoa THC mwilini hakuna. Hospitali humsaidia kupumua na kumwangalia mpaka iishe.

Mama Somoe, Mikindani

Ahsanteni sana. Nimemsomea mdogo wangu yote haya na amekubali tumpeleke mama Ligula. Naomba jambo moja la mwisho: mtoto akishakula kitu cha namna hiyo, hata nyumba ya jirani, nifanye nini kwanza?

Muuguzi, Nachingwea

Usimtapishe, wala usimpe maziwa au maji ya chumvi. Akisinzia mlaze ubavu, mtazame anavyopumua, na mwende hospitali mara moja bila kusubiri dalili zizidi. Chukueni kipande kilichobaki, na mwambieni daktari waziwazi kwamba kilikuwa na bangi, kwa kuwa mtoto aliyelegea hudhaniwa kuwa na malaria kali au homa ya uti wa mgongo, akaanza kuchomwa sindano za uchunguzi asizozihitaji.