Kikoba chetu Dodoma tunaenda Kigali, tusafiri vipi tusiwe kero kwa wenyeji na mazingira yao?

mama_mlimwa
Habari za jioni wakuu. Kikoba chetu cha wanawake hapa Dodoma tumevunja mzunguko mwezi uliopita, na safari hii badala ya kila mtu kukimbilia kununua vyombo tumekubaliana tutoke, twende Rwanda kama wiki hivi, wengi wetu hatujawahi kuvuka mpaka wowote. Sasa kikao kimegawanyika. Nusu wanataka ndege, yaani Dodoma mpaka Dar alafu Dar mpaka Kigali, wanasema basi linachosha, na mwenzetu mmoja kahamia Dar kwa hiyo wa ndege wanamtumia yeye kama sababu. Nusu tunataka basi.

Mimi ninachouliza sio bei tu, nataka twende kama watu waliofundwa. Niliwahi kwenda Kolo kule Kondoa kuangalia michoro ya kwenye miamba, yule aliyetutembeza akatuonyesha sehemu rangi imefifia akasema wageni wa miaka ya nyuma walikuwa wanaimwagia maji ili wekundu ukolee utoke vizuri kwenye picha, na wengine wamechimba chini ya miamba wakitafuta eti mali za Wajerumani. Michoro ya kale vile, imeingia urithi wa dunia 2006, na wazee wa pale mpaka leo wanaenda kufanya matambiko yao, alafu mtu anakuja na chupa ya maji kwa ajili ya picha moja! Iliniuma sana. Sitaki sisi ndio tuwe watu wa hivyo kwenye nchi ya wenzetu. Kwa hiyo wenye uzoefu nisaidieni, usafiri, mizigo, kupiga picha, zile kumbukumbu za mauaji ya kimbari tuziendee vipi, na hela yetu tuitumie wapi imfikie mwananchi wa kawaida.

masafa_marefu
Dada chukueni basi na wala msirudi kwenye kikao. Fungua ramani uangalie, Kigali iko kaskazini magharibi yetu, Dar iko mashariki. Mkisema ndege mnaanza kwa kurudi nyuma karibu kilomita 400 alafu mnageuza kuelekea kule kule mlikotoka. Ndege inakula mafuta mengi sana wakati wa kupaa, kwa hiyo vipande viwili vya safari maana yake mnapaa mara mbili, wakati basi likijaa mafuta yale yale wanagawana abiria wote, moshi kwa kila kichwa unakuwa mdogo mno ukilinganisha. Huyo wa Dar apande SGR, ile ni treni ya umeme na Dodoma inafika tangu Julai 2024, aje alale kwa mmoja wenu asubuhi muondoke pamoja.

Kuhusu kuchosha ni kweli inachosha, nimeendesha njia hiyo najua. Dawa yake msiende kwa pupa. Manyoni, Singida, Igunga, Nzega, laleni Kahama, kuna gesti nzuri tu za watu wa pale pale, mle kwa mama lishe, kesho yake ndio muitafute Benaco na mpaka wa Rusumo. Mkifika Benaco teremkeni kidogo mnyooshe miguu alafu muwaeleze wasiojua kwamba 1994, wakati wa yale mauaji ya kimbari ya Rwanda, hapo palikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi, mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja tu. Ukishajua hilo unaingia Rwanda na adabu nyingine kabisa.

Mpakani pale kituo ni kimoja cha pamoja, upande wetu na wao mnamalizana humo humo. Sasa sikiliza hapa ndipo wengi wanapokwama, MIFUKO YA NAILONI. Rwanda waliipiga marufuku tangu 2008, sisi tumefuata Juni 2019, na wao mwaka huo huo wakaongeza sheria kwenye plastiki nyingine za kutumia mara moja. Kule mizigo inakaguliwa kweli. Mnavyotujua sisi watu wa Dodoma, mtu anabeba karanga, ubuyu, mchicha mkavu, kila kitu kimefungwa kwenye vile vifuko vyepesi vya sokoni Majengo, alafu nguo na viatu navyo vimeviringishwa kwenye nailoni. Mwageni vyote kwenye makopo na vifuko vya kitenge kabla hamjatoka nyumbani, na kila mtu abebe chupa yake ya maji ya kudumu. Zabibu mbichi kuleni mzimalize kabla ya mpaka, matunda na mbegu vina sheria yake ya ukaguzi wa mimea na sababu ni ya msingi, mdudu mmoja akihama na tunda anaweza kumaliza mashamba ya watu.

kigali_na_dom
Shikamoo mama, nimeishi Kigali nikifanya biashara ya vitambaa, nakujibu ya mjini.

La kwanza kabisa na nakuomba uwaambie wote kabla hamjapanda basi: usimuulize mtu kabila lake. Sisi huku ukikaa na mtu kwenye basi dakika mbili ushamuuliza wewe wa wapi, Mgogo, Mrangi, Mnyaturu, alafu utani unaanza na ndio urafiki wenyewe. Kule hapana. Watu walisimamishwa kwenye vizuizi wakaonyesha vitambulisho vimeandikwa kabila, na kwa neno hilo moja wakauawa, ndio maana baada ya 1994 lile neno lilitolewa kwenye vitambulisho. Dereva wa teksi, mwenye gesti, dada anayekusuka, mtu yeyote mwenye umri wa kukumbuka, hujui amebeba nini moyoni. Akitaka kukueleza mwenyewe utamsikiliza, lakini wewe usichokoe.

Gisozi, yaani ile kumbukumbu kubwa ya Kigali, wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Kuingia hamlipi kiingilio, kuna ile redio ya masikioni ya kukuelezea ndio ya kulipia, ichukueni, na mkiweza acheni chochote kwenye sanduku la michango. Nguo za heshima, simu kimya, picha za ndani bila ruhusa hakuna, na hata nje kwenye makaburi naomba msijipige selfi mmepanga mistari na vitenge sare. Mkienda Nyamata, kumbukumbu nyingine, lile lilikuwa kanisa, ndani mabenchi yamejaa nguo za waliouawa humo humo, zimelundikana tu, unaona gauni la mtoto, koti la mzee. Msipange kitu kingine siku hiyo. Nimeona watu wanatoka Nyamata saa nne asubuhi saa sita wako kwenye muziki na mishikaki, kisheria sawa lakini mwenyeji aliyewapeleka anawaangalia. Na kama tarehe zenu zinaangukia Aprili 7 na wiki yake, hicho ndicho kipindi cha maombolezo, sherehe hazifanyiki, kama mlitaka shangwe sogezeni mbele.

Vidogo vidogo: kula huku unatembea barabarani wanaona ni utovu wa adabu, kaeni chini mle. Bodaboda abiria naye anavaa kofia ngumu, na magari yanapita kulia kwa hiyo angalieni mnapovuka. Kiswahili ni lugha rasmi kule tangu 2017 ila sio kila mtu anakiongea, salimia kwa muraho, shukuru kwa murakoze, alafu ndio uombe Kiswahili.

kijana_wa_nanenane
Kwa heshima zote naona mnawatisha hawa akina mama. Wanaenda kutumia hela yao waliyoichanga kwa jasho, Rwanda wanataka wageni, kikundi kidogo cha kutoka Dodoma kitaharibu nini? Wanaochafua dunia ni wa ndege binafsi na meli za kifahari, sio sisi wa basi. Mimi ningewaambia waende wakafurahi basi, adabu wanayo tayari.

binti_kondoa
@kijana_wa_nanenane kaka yangu nakuelewa na hilo la ndege binafsi ni kweli tupu. Ila mimi natembeza wageni na ngoja nikwambie, hakuna kikundi kilichowahi kujiona ni kikubwa. Kila mmoja anasema sisi wachache tu. Boracay kule Ufilipino kila mgeni alikuwa mmoja tu, mpaka 2018 serikali ikafunga kisiwa kizima miezi sita kwa sababu majitaka ya hoteli yalikuwa yanaingia baharini. Mwaka huo huo Thailand wakafunga ufukwe wa Maya Bay, matumbawe yameuawa na boti na nanga na miguu ya watu, wameufungua tena 2022 na boti hazimwagi tena watu mle ndani ya ghuba. Kwa hiyo idadi sio kinga. Na wala hatumwambii mama asifurahi.

Hata maji, sisi tunaojua mgao tusihitaji kufundishwa. Cape Town 2018 ilibidi wakazi waambiwe lita 50 kwa mtu kwa siku, alafu mgeni hotelini anaoga nusu saa kwa sababu kalipia. Kama nyumbani unaoga ndoo moja na unatakata, ugenini bomba lisikufanye usahau, na taulo si lazima lifuliwe kila siku.

Sasa mama_mlimwa kuhusu hela, hapa ndipo nina la kusema zaidi maana ndio maisha yangu. Wageni wanaokuja na kila kitu kimeshalipiwa huko walikotoka, wanalala kwa tajiri, wanakula chakula cha kubeba, wanapiga picha wanaondoka, kijijini kinabaki vumbi la gari lao. Anayetuinua ni yule anayelala kwenye gesti ya mtu wa pale, anamlipa kijana wa pale amwongoze, anakula ugali kwa mama wa pale, na anakaa siku mbili tatu badala ya saa mbili. Fanyeni hivyo hivyo. Mtaona vile vikapu vyao vya agaseke, vina mfuniko uliochongoka, vinasukwa kwa mkonge na nyasi, cha saizi ya kawaida kinachukua siku nyingi za mikono ya mtu. Tafuteni vikundi vya wanawake wanaosuka wenyewe, nyie ni kikoba mtaelewana nao upesi, ombeni mkae nao muone wanavyohesabu nyuzi. Kupatana bei kupo sawa ila msimkamue mtu mpaka anauza kwa hasara kwa sababu ana shida ya hela ya leo.

Picha, omba kabla hujainua simu, sio baada ya kupiga ndio unatabasamu. Mtu akikataa usimzunguke kwa nyuma. Watoto wa watu msiwaweke mitandaoni, na msiwagawie pipi na sarafu barabarani, wakizoea wanaacha shule wanasubiri magari, hilo nimeliona huku huku kwetu. Mnataka kusaidia watoto nendeni ofisi ya shule muulize wanahitaji nini.

Sokwe wale wakubwa wa milimani kibali cha mgeni wa nje ya Afrika ni dola 1,500, sisi wa Afrika Mashariki tunatozwa chini ya hapo ila bado si hela ndogo, kwa hiyo sidhani mmekipangia, ila mjue kwa nini ghali: kundi moja la sokwe linapokea watu wanane tu kwa siku kwa saa moja, na asilimia 10 ya mapato ya hifadhi inarudi kwa vijiji jirani. Mwenye mafua haruhusiwi kabisa, wanaambukizwa magonjwa yetu. Mtu akiwaambia mtaani kuna njia ya mkato ya kuwaona kwa bei nafuu, kimbieni.

mama_mlimwa
Mwanangu binti_kondoa na wote Mungu awabariki, nimesoma nikawasomea wenzangu kwa sauti. Hilo la kabila limewashtua kweli maana tuna mama mmoja kwetu hawezi kumaliza salamu bila kumtania mtu ukoo wake, kasema atajizuia. Basi limeshinda, wa Dar kakubali SGR. Nyamata tumeipa siku yake peke yake.

Nimesikia pia kuna Jumamosi ya kufanya usafi nchi nzima. Tukiwepo tujifungie ndani au inakuwaje?

kigali_na_dom
Umuganda huo mama, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tano. Maduka yanafungwa na magari yanakuwa machache, kwa hiyo siku hiyo msipange kusafiri asubuhi. Kujifungia sio lazima, na mimi kwa maoni yangu hiyo ndio siku nzuri kuliko zote za safari yenu. Jioni ya kuamkia siku hiyo mwambieni mwenye gesti kwamba mnataka kushiriki, atawapeleka kwa kiongozi wa mtaa, mtafagia, mtapanda miti au kuzibua mitaro, kazi ikiisha wanakaa kikao cha mtaa, hapo kaeni kimya msikilize mambo yao. Majembe yapo msibebe. Vaeni viatu vya kufunika vidole na kitenge cha kazini, na saa zenu mzirudishe nyuma saa moja mkivuka Rusumo, la sivyo mtafika wenyeji bado wamelala.