Mwenye mimba ana miaka 13, kisheria hapo mtoto ni nani?

mwalimu_mlezi
Habari zenu wakuu. Mi ni mwalimu, nasimamia klabu ya mdahalo shuleni, wiki iliyopita watoto walikuwa na mada ya haki za mtoto na sheria ya kutoa mimba. Upande mmoja wakasema mtoto ana haki ya kuishi tangu mimba inatungwa, upande wa pili wakasema mwanamke ana haki juu ya mwili wake, wakavutana weee na kusema kweli walijipanga. Sasa tunakaribia kufunga, binti mmoja wa kiti cha nyuma kabisa ambaye huwa haongei akanyoosha mkono nusu, kiwiko bado kiko mezani, akauliza "mwalimu, na kama mwenye mimba ana miaka 13, mtoto ni nani?" Darasa kimya, na mimi kimya. Nikamwambia nitaleta jibu Ijumaa. Tangu hapo nasoma nachanganyikiwa, mana kila mtu anautaja mkataba uleule wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto afu kila mtu anatoka na jibu lake. Naombeni mnaojua sheria mnieleweshe, mkataba unasema utoto unaanza lini? Na huyo wa miaka 13 anahesabiwa wapi?

wakili_mchanga
Shikamoo mwalimu. Huyo binti kagusa penyewe. Mkataba ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989, ibara ya 1 inasema mtoto ni kila binadamu aliye chini ya miaka 18, labda sheria ya nchi yake iwe imemfanya mtu mzima mapema zaidi. Angalia vizuri hapo, mwisho wa utoto umeandikwa, mwanzo haujaandikwa, na siyo kwamba walisahau. Walibishana sana wakati wa kuuandaa, mwisho wakaona bora waache wazi ili nchi zote ziweze kuingia. Ila kwenye utangulizi wakachukua maneno ya tamko la Umoja wa Mataifa la haki za mtoto la 1959 kwamba mtoto anahitaji ulinzi, pamoja na wa kisheria, kabla na baada ya kuzaliwa. Ndo maana wote wawili kwenye mdahalo wako wanaweza kuushika mkataba huohuo mkononi.

Uingereza walipouridhia walitoa tamko kwamba kwao unahusu mtoto akishazaliwa hai. Argentina wakatoa la kwao, mtoto ni tangu mimba inatungwa. Lakini Argentina haohao Desemba 2020 bunge lao likapitisha sheria inayoruhusu kutoa mimba mpaka wiki ya 14, kwa hiyo usidhani tamko peke yake linamaliza kesi.

Na aliye tumboni sheria haijawahi kumsahau, tangu enzi za Warumi kwenye mirathi anahesabiwa kama kazaliwa, sharti aje azaliwe hai. Sheria ya Kiislamu nayo mirathi ikigawanywa na mjane ana mimba, fungu la mtoto linatengwa linamsubiri.

Sasa huyo wa miaka 13 hana ubishi mkubwa. Yeye ni mtoto kwa ibara ya kwanza, labda tu sheria ya nchi yake iwe imeshamfanya mtu mzima. Mimba haimtoi kwenye utoto.

mama_wa_wanne
Mwanangu wakili umeeleza vizuri ila mi naomba nisimame upande mwingine. Nimebeba mimba nne, ya tatu niliposikia mapigo ya moyo kwenye mashine nilishika mkono wa mume wangu nikalia, hakuna karatasi itakayonishawishi kwamba pale hakukuwa na mtu. Sheria kunyamaza kuhusu mwanzo haina maana hakuna anayeishi, na mtu asiye na sauti kabisa nani atamsemea kama sio sisi. Hilo siliachi. Lakini swali la huyo binti limenichoma, mana kwenye haya mabishano yetu yule mwanaume aliyempa mtoto wa miaka 13 mimba hata hatajwi. Tunabishana nani afungwe, daktari au binti, na yeye yuko nje anakula maisha. Mtoto kuburuzwa mahakamani juu ya yaliyomkuta sitakubali hata siku moja, na hapo imani yangu hainikatazi.

nesi_zamu_ya_usiku
Mi sheria siijui sana, nitasema nilichokiona. Wodi ya wazazi, binti wa miaka 14, mimba imefika mwisho na nyonga bado changa, mtoto hapiti, ikabidi upasuaji. Kaja na baba na shangazi. Daktari anauliza, baba anajibu. Maumivu yameanza lini, shangazi anajibu. Fomu ya ridhaa ikaletwa, baba akasaini, kalamu ikapita juu ya tumbo la mtoto kwenda kwa shangazi akasaini kama shahidi. Muda wote huo binti kashika uzi uliofumuka kwenye sweta lake anauzungusha kwenye kidole, anazungusha mpaka ncha ya kidole inabadilika rangi, anaachia, anaanza tena. Hakuna aliyemwambia atakatwa wapi. Nilipobaki naye napima presha nikamuuliza mwanangu una swali, akaniambia "sista, usiku nitalala na nani?"

Watu wanadhani hatari iko kwenye kutoa tu. Kwa wasichana wa miaka 15 mpaka 19 matatizo ya mimba na uzazi ni moja ya sababu kubwa za vifo duniani, na wadogo zaidi ya hapo miili haijawa tayari, uchungu ukikwama wengine wanabaki na fistula, mkojo unatoka wenyewe, shule basi. Na wanaotoa kwa kificho tunawapokea wameoza ndani. Wote hao ni watoto jamani.

wakili_mchanga
Sista umenikumbusha kesi ya L.C. dhidi ya Peru, mwalimu hii mpe binti yako. Msichana wa miaka 13, alikuwa anabakwa, akapata mimba, mwaka 2007 akajirusha kutoka juu ya nyumba akaumia uti wa mgongo. Alihitaji upasuaji haraka ila hospitali ikaahirisha ili kulinda mimba, na Peru sheria inaruhusu kutoa mimba kuokoa maisha na afya ya mama. Mimba ikatoka yenyewe, upasuaji ukaja miezi zaidi ya mitatu baada ya ajali, akabaki amepooza. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua 2011 kwamba nchi ilivunja haki zake.

Mama wa wanne, uamuzi ule haukugusa roho inaanza lini, uliangalia mtoto aliyelala kitandani na haki aliyokuwa nayo tayari kwenye sheria ya nchi yake, akanyimwa. Kwetu Afrika tuna Itifaki ya Maputo ya 2003, mkataba wa Umoja wa Afrika wa haki za wanawake, ibara ya 14 inaruhusu kutoa mimba kwa njia ya kitabibu kwa aliyebakwa, aliyepewa mimba na ndugu wa damu, au mimba ikihatarisha afya au maisha, ila nchi kuridhia ni kitu kimoja na binti kuipata huduma ni kingine kabisa.

mama_wa_wanne
Kwa huyo wa uti wa mgongo sina neno. Walikuwa wamtibu.

mwalimu_mlezi
Asanteni sana, nimeandika yote. Ijumaa nitaanza na hiyo ibara ya 1. Sista ile ya kalamu nitaomba niwasimulie bila kutaja chochote kingine. Wakili swali la mwisho, kuna ibara inayosema mtoto asikilizwe si ndiyo? Ina umri wa kuanzia?

wakili_mchanga
Ibara ya 12. Inasema mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa kwenye kila jambo linalomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Umri wa kuanzia hawajaweka.