Kasugua sarafu ya babu yangu kwa ndimu, halafu ananiambia "sasa inang'aa"

Wakuu, naandika mikono inanitetemeka. Sitaji jina, hakuna haja. Kilwa Masoko nzima inamjua, yule wa lenzi shingoni, bingwa wa sarafu za kale.

Leo baada ya swala ya Ijumaa nimempelekea sarafu ya shaba aliyoacha babu, aliyoiokota ufukweni Kilwa Kisiwani. Ndogo, imezidi kidogo tu ukucha wa dole gumba, na imejivika ngozi yake ya kijani kwa karne na karne. Nilitaka jambo moja: anisomee jina.

Lenzi hakuigusa. Kamwita mtoto alete ndimu. Nikadhani ya supu! Kaikata, kaikamulia sarafu, kachukua ile waya ya kusugulia masufuria, akasugua kama anatoa ukoko wa pilau la watu mia tano. Kisha kaifuta kwenye kanzu, kanirushia: "Haya, sasa inang'aa. Hiyo pesa ya Mjerumani."

INANG'AA!

Jamani, pesa ya Mjerumani ya 1890 ina tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili. Kwangu tai yuko wapi? Ya Sultani Barghash wa Zanzibar ina mizani na mwaka 1299 wa Hijria. Mizani iko wapi? Yangu ilikuwa maandishi matupu pande zote, haina mwaka, haina jina la mji. Ndivyo zilivyo za masultani wa Kilwa: upande huu jina la mtawala, upande ule kwamba anamtegemea Mola, na pande mbili zinakwenda kwa vina kama shairi. Huna pa kumjulia mwenyewe isipokuwa herufi. Na herufi zimebaki kwenye ndimu! Asubuhi nilikuwa naona "bin al-Hasan" vizuri kabisa, na kabla yake kitu kama ain, herufi ya Kiarabu inayoanza jina Ali. Sasa pale kwenye ain pamekuwa laini kama kifungo cha shati. Ali bin al-Hasan au Sulaiman bin al-Hasan? Nitajuaje tena?

Mwaka 1944 askari wa Australia kaokota sarafu tano za Kilwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mpaka leo watu wanaumiza vichwa zilifikaje. Sisi wenye Kilwa yetu tunazikamulia ndimu!

"Inang'aa." Uso mkavu. Na kaomba elfu tano ya kazi.

Ngalawa Kuukuu: Elfu tano na ndimu juu yake? Mkuu umepata huduma kamili, lipa ukalale.

Mama Dagaa: Huyo huyo! Nilimpelekea heller 20, sarafu ya Mjerumani, ya marehemu mume wangu, ile iliyopigwa Tabora, ina T ndogo chini ya mwaka. Kaniambia T ni ya Kaisari Tito wa Roma. Na 1916 imeandikwa mbele ya macho yake!

Wakili wa Mtaani: Mleta uzi, kitu cha kabla ya 1863 kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Babu alitakiwa kuripoti, siyo kuficha kwenye kopo.

Mleta uzi: Mimi nazungumzia NDIMU. Babu mwacheni apumzike.

Kijana wa Nangurukuru: Nyie angalau mna sarafu. Mimi nimeuziwa "rupia ya Mjerumani" stendi, laki tatu, eti fedha tupu. Nimefika nyumbani, sumaku inainasa!

Mama Dagaa: Laki tatu tu? Shemeji yangu kauza ng'ombe wawili kununua ramani ya sanduku la Mjerumani. Wamechimba mpaka chini ya choo cha jirani.

Ngalawa Kuukuu: Choo cha jirani! Mama Dagaa, huo ufungulie uzi wake.

Wakili wa Mtaani: Jirani ana haki ya kudai fidia.

Mleta uzi: Kuna anayeweza kusoma kwenye picha? Nimeipiga jua la jioni likiilalia kwa pembeni, kama herufi imebaki hata kivuli chake kitaonekana. Tafadhali.

Kijana wa Nangurukuru: Mama Dagaa, hiyo ramani bado ipo?