R: lejendi inanipa rangi tofauti na nukta zenyewe, msaada wakuu

mpenda_takwimu
Wakuu habari za muda huu. Natumia R (lugha ya kompyuta ya takwimu), nina zile data za pengwini wa Palmer kule Antaktika, ndege 344 spishi tatu, nataka grafu ya nukta, urefu wa bawa chini na uzito pembeni, kila spishi na rangi yake. Nukta zinatoka freshi kabisa ila lejendi (kile kisanduku cha maelezo ya rangi) ndo inanichanganya, inasema lile kundi la juu kulia ni Chinstrap wakati kila ninaposoma naona Gentoo ndo mkubwa, wastani wake kama kilo 5, Chinstrap hata 4 haufiki. Nimeandika hivi:

plot(penguins$flipper_length_mm, penguins$body_mass_g, col = penguins$species, pch = 19)
legend("topleft", legend = unique(penguins$species), col = 1:3, pch = 19)

Erori hakuna hata moja. Data mbovu au?

fundi_grafu
Data haina shida mkuu, shida ni hiyo unique(). Pale kwenye plot R haiangalii jina la spishi, inaangalia namba iliyo nyuma ya jina, na hizo namba zimepangwa kwa alfabeti, Adelie 1, Chinstrap 2, Gentoo 3. Sasa unique() haina habari na alfabeti, inachukua aliyetangulia kwenye jedwali, na humo wametangulia Adelie wakafuata Gentoo, Chinstrap wako mkiani. Kwa hiyo nukta za Gentoo zimechorwa kijani (namba 3) halafu lejendi kijani hichohicho imempa Chinstrap. Toa unique weka levels(penguins$species), hiyo inatoa majina kwa mpangilio wa zile namba, imeisha hiyo.

Wengi hawalioni hili kwa sababu wamejifunzia kwenye iris, zile data za maua za kujifunzia R, na mle setosa, versicolor na virginica wameshapangwa kwa alfabeti tangu jedwalini, 50, 50, 50, kwa hiyo unique na levels zinatoa jibu moja. Mtu anakariri unique anaenda nayo kwenye data za kazini, mikoa sijui wilaya, lejendi inadanganya na hakuna anayeshtuka maana wilaya hazina bonge anayejulikana kwa macho kama Gentoo.

binti_wa_data
Levels inafanya kazi ila mimi siitegemei. Leo unachora spishi zote, kesho unaondoa Chinstrap unapiga droplevels (inafuta majina yasiyotumika tena), Gentoo anahamia namba 2 anageuka mwekundu, ripoti moja ndege yuleyule ana rangi mbili. Bora rangi uifunge kwenye jina:

rangi <- c(Adelie = "darkorange", Chinstrap = "purple", Gentoo = "cyan4")

halafu kwenye plot weka col = rangi[as.character(penguins$species)], na kwenye lejendi legend = names(rangi), col = rangi. Zote zinakunywa kisima kimoja, haziwezi kupishana.

Hiyo as.character usiiruke tafadhali!! Ukiandika rangi[penguins$species] tupu R inarudi kulekule kwenye namba, siku ukiorodhesha Gentoo kabla ya Chinstrap rangi zinabadilishana kimyakimya.

mpenda_takwimu
Asante sana dada, na wewe mkuu, Gentoo sasa kakaa kwake. Ila mwenzangu kwenye kompyuta yake anasoma faili la CSV, yeye kwa ile skripti ya mwanzo hata grafu haipati, inamwambia invalid color name 'Adelie'. Data si zilezile jamani?

fundi_grafu
Zilezile, ila kwake kolamu ya spishi ni maandishi matupu. Tangu R 4.0.0 ya 2020 read.csv haigeuzi tena yenyewe maandishi kuwa faktori (yale majina yenye namba nyuma yake), kwa hiyo plot inaona neno Adelie inadhani ni jina la rangi, inalitafuta hailioni. Afuate njia ya binti_wa_data itamkubali bila kubadili kitu, au aizungushie factor() kwanza. Tena yeye ana bahati, kwake imegoma waziwazi.

mzee_wa_ggplot
Nyie bado mnachora lejendi kwa mkono 😂 Tumia ggplot2, kifurushi cha R cha grafu, andika aes(colour = species), lejendi inajileta yenyewe na haikosei. Ukitaka rangi zako ongeza scale_colour_manual(values = rangi), inalinganisha kwa jina.

binti_wa_data
Inalinganisha kwa jina kama umeweka majina mzee. Ukimpa c("purple", "cyan4", "darkorange") hivihivi anagawa kwa mpangilio wa levels, lejendi itakuwa sahihi ila siyo rangi ulizokusudia.

mpenda_takwimu kingine, hiyo 1:3 ya R ni nyeusi, nyekundu na kijani, na wapo watu, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kila spishi ipe na alama yake, duara, pembetatu, mraba, kwa pch (ndiyo inayochagua alama) uliyoifunga kwenye jina kama rangi, na kwenye lejendi pia uiweke. Msimamizi akiprinti nyeusi na nyeupe bado atasoma.